Kichwa cha Samoni na Deni la Mvuvi

Kwenye magati ya uvuvi ya British Columbia, magharibi mwa Kanada, kuna majokofu yasiyohifadhi kitu cha kuliwa. Ndani yake mna vichwa vya samoni. Mvuvi wa mshipi anayerudi na samaki aliyekatwa kipezi cha mafuta, yaani kile kipezi kidogo kilicho mgongoni karibu na mkia, huombwa akate kichwa, akitie mfukoni pamoja na karatasi yenye tarehe, mahali alipomvua na aina ya samaki, kisha akiache hapo gatini. Nyama anakwenda nayo nyumbani. Kichwa husafirishwa hadi maabara, hupitishwa kwenye kifaa kinachohisi sumaku, halafu hupasuliwa kidogo kidogo mpaka kipatikane kipande cha waya chenye urefu wa milimita 1.1 na unene wa robo milimita. Chini ya hadubini, waya huo una namba. Namba hiyo inataja kituo alikototolewa samaki, mwaka wa uzao wake na kundi alilofunguliwa nalo mtoni.

Waya huo ulibuniwa kaskazini-magharibi mwa Marekani na mwanafizikia Keith Jefferts na wenzake, akiwemo mtaalamu wa samaki Peter Bergman, nao waliutangaza katika jarida la Nature mwaka 1963. Kifaranga huchomwa waya kwenye gegedu la pua akiwa na uzito wa gramu chache tu. Akishakua na kufikisha kilo kumi au zaidi, waya bado upo palepale. Kutoka California hadi Alaska, karibu samoni milioni 50 hutiwa waya wa namna hii kila mwaka, na taarifa zao zote hukusanywa katika daftari moja kuu mjini Portland, Oregon.

Waya huu hautoi mawimbi. Hauonekani kwa nje. Hauna la kusema mpaka samaki afe na aliyemuua akubali kutoa kichwa. Wakaguzi wanaolipwa hukutana na mashua za biashara na baadhi ya wavuvi wa starehe, na lengo lao la kawaida ni kukagua samaki mmoja katika kila watano wanaovuliwa. Ukikagua mmoja kati ya watano, kila waya unaopatikana husimama badala ya samaki watano. Na kama katika kundi lile ni kifaranga mmoja tu kati ya kumi aliyetiwa waya, basi kichwa kimoja kilichotupwa ovyo baharini kimeondoka na habari za samaki hamsini. Nimeifanya hesabu hii mara nyingi nikisoma ripoti za uvuvi wa pwani ile, na kila mara hunikumbusha kwamba mikataba ya mataifa mawili makubwa imeegemea, kwa sehemu isiyo ndogo, uadilifu wa mtu aliyechoka, mwenye baridi, anayetaka kwenda kwake.

Nataka kuulinganisha mkono wa mtu huyo na mikono mingine iliyowahi kumshika samoni na kuuliza ametoka wapi. Naamini swali la asili ya samaki huyu halijawahi kuwa swali la ramani peke yake. Kila lilipoulizwa, liliongozana na swali la deni: aliyemvua anadaiwa nini, na nani anayemdai.

Ulaya ililiuliza kwa udadisi kwanza. Izaak Walton, katika kitabu chake The Compleat Angler cha mwaka 1653, anataja watu waliowafunga samoni wachanga utepe mkiani walipokuwa wakishuka kuelekea baharini, kisha wakawapata baadhi yao mahali palepale walipokuwa wakipanda, miezi kama sita baadaye. Utepe haukuwa na namba. Ulijibu jambo moja tu, kwamba anayerudi ndiye yule aliyeondoka. Mwaka 1905 P. D. Malloch wa mji wa Perth, Uskoti, aliwatia samoni wachanga wa mto Tay waya wa madini ya fedha, na waliporudi wakiwa wamepishana miaka, ikadhihirika kwamba samaki walioshuka pamoja hawapandi pamoja: mmoja hukaa baharini majira moja ya baridi, mwingine mawili au matatu.

Halafu ukaja mwaka 1956. Samoni aliyetiwa kibati cha alama Uskoti alivuliwa magharibi mwa Greenland, ng'ambo ya Atlantiki. Hadi hapo hakuna aliyejua kwa hakika samoni wa Ulaya huenda kujilisha wapi. Jibu lilipopatikana, lililofuata halikuwa udadisi tena. Mashua za nyavu zilikimbilia huko, na kufikia 1971 uvuvi wa Greenland ulikuwa umefika tani zipatazo 2,700 kwa mwaka. Wenye mito ya Uskoti, Ireland na Kanada walijikuta wakiwalea samaki wanaonenepa na kuvuliwa kwa wengine. Na wavuvi wa Greenland nao waliuliza, kwa haki kabisa, samaki aliyeshiba kwenye maji yao ni wa nani. Mkataba wa kuhifadhi samoni wa Atlantiki ya Kaskazini ulianza kutumika mwaka 1983. Kibati kimoja kilichorudishwa na mvuvi mmoja kilikuwa kimefungua jambo hilo, na sioni mfano ulio wazi zaidi wa jinsi kujua anakotoka samaki kunavyoweza kumponza samaki kabla ya kumwokoa.

Msomaji wa pwani yetu ana sababu ya kulielewa hili. Kati ya 2005 na 2007, mradi wa Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi ulitia alama zaidi ya jodari 168,000, wengi wao katika maji ya Tanzania, na vibati vilirudishwa kwa wingi na mashua zilizoshusha mzigo Shelisheli. Lakini jodari hana mto. Alama yake inauliza anakwenda wapi, kwa kasi gani, na wangapi wamebaki. Hakuna kituo kinachoweza kusema, "huyu tulimzaa sisi." Samoni wa kituo ana aliyelipia chakula chake, aliyejenga tangi lake, aliyeajiri wa kumhudumia. Kwa hiyo alama yake ni hati ya mzazi, na hati za namna hiyo huishia mahakamani.

Kabla ya kufika huko mahakamani, kuna kisa cha Watlingit wa kusini-mashariki mwa Alaska ambacho kila anayeandika kuhusu alama za samoni angepaswa kukisoma. John Swanton alizikusanya simulizi zao Sitka na Wrangell, na mkusanyo wake ukachapishwa mwaka 1909. Mwaka 2017 taasisi ya Sealaska Heritage ilikitoa kisa hicho upya katika kitabu cha watoto kiitwacho Shanyaak'utlaax. Mvulana alipewa kipande cha samoni mkavu chenye ukungu, akakidharau. Samoni wakamchukua. Katika kisa hiki samoni ni watu wenye miji na nyumba zao chini ya bahari, na kila mwaka huvaa mwili wa samaki ili wapande mito. Mvulana akaishi nao, akajifunza adabu zao, na msimu uliofuata akapanda nao hadi mto wa kwao. Akavuliwa. Mama yake alipoanza kumkata kichwa, kisu kikagota kwenye shaba: mkufu uleule aliokuwa nao mwanawe shingoni siku alipopotea. Kisu kikawekwa chini. Samaki akalazwa kwa heshima, akarudi kuwa mtu, akawa mganga mkubwa.

Hii ni alama iliyorudishwa. Kuna shaba shingoni, kuna anayekata kichwa, kuna kutambua ghafla kwamba huyu si samaki yeyote tu bali ana kwao. Sidai kwamba Jefferts aliufahamu mkufu huo. Mwanafizikia yule alikuwa na shida yake mwenyewe ya kutatua, jinsi ya kumtia alama kiumbe mdogo bila kumdhuru. Ninachokiangalia ni kinachotokea baada ya kutambua. Kwa mama wa Kitlingit, kutambua kunasimamisha kisu, na kuanzia hapo familia nzima ina wajibu mpya kwa samoni wote, maana yeyote kati yao anaweza kuwa mtoto wa mtu. Kwa maabara, kutambua kunaanza baada ya kisu, na wajibu unakuwa wa takwimu: kuandika namba, kuizidisha, kuituma Portland.

Kusini zaidi, watu wa asili wa Bahari ya Salish, wakiwemo Tulalip wa jimbo la Washington, wana ibada ya samoni wa kwanza. Ilififia chini ya shule za bweni na makatazo ya serikali, na Tulalip waliifufua katika miaka ya 1970. Samoni wa kwanza wa msimu hupokelewa ufukoni kwa ngoma na nyimbo, kama mkuu aliyekuja kukagua wenyeji wake. Hubebwa hadi nyumba ndefu ya mbao za mwerezi, kila mtu hupata kipande kidogo, kisha mabaki yake hurudishwa majini kwa mtumbwi ili akawaeleze wenzake jinsi alivyopokelewa. Katika simulizi za pwani hiyo mwiba mmoja ukipotea, yule mtu-samoni huko baharini huamka akiwa kilema. Kwa hiyo mlaji hana uhuru wa kutupa. Mwili unahesabiwa na unarudi mzima.

Ukiuweka utaratibu huu pembeni ya jokofu la gatini, utaona pande zote mbili zinamtaka mvuvi arudishe sehemu ambayo hatakula. Tofauti ni mahali inapopelekwa. Kichwa cha British Columbia hupelekwa kwa mwenye daftari. Mabaki ya Tulalip hupelekwa kwa samoni wenyewe. Na kuna tofauti ya pili ambayo kwangu ni nzito zaidi: ibada inafanywa na kijiji chote mbele ya watoto, ilhali kichwa kinaletwa na mtu mmoja kwa hiari yake. Wataalamu wa pande zote mbili za mpaka wamekuwa wakilalamika kwa miaka kwamba wavuvi wa starehe wa British Columbia wanaleta vichwa vichache kuliko inavyohitajika. Sishangai. Jambo lililoachiwa hiari ya mtu mmoja mmoja, bila wimbo wala shahidi, hupungua lenyewe.

Hata hivyo sitaki kuipamba ibada kuliko waya. Ibada inawafunga wanaoiamini; haiwezi kumfunga mgeni mwenye wavu mkubwa kilomita elfu moja baharini. Waya unaweza. Samoni wa aina ya Chinook waliozaliwa mto Columbia na pwani ya Washington hupita kaskazini, wakavuliwa mbele ya Vancouver Island na kusini-mashariki mwa Alaska. Kwa miongo mingi kila upande ulikuwa na hadithi yake kuhusu nani anamnyang'anya nani. Vichwa ndivyo vilivyomaliza hadithi hizo. Mkataba wa Samoni wa Pasifiki, uliotiwa saini na Marekani na Kanada mwaka 1985, umejengwa juu ya makadirio yatokanayo na waya, na nchi zote mbili ziliahidi kuulinda mfumo huo. Mvuvi wa Alaska hawezi tena kusema samaki wote mbele yake ni wa Alaska, wala yule wa Kanada hawezi kujifanya hajui.

Ndani ya Washington kwenyewe ugomvi ulikuwa mkali zaidi, maana ulikuwa wa majirani. Katika mikataba ya 1854 na 1855 makabila yaliachia ardhi kubwa, yakabakiza haki ya kuvua mahali pao pa siku zote. Karne moja baadaye wavuvi wao walikuwa wakikamatwa na kunyang'anywa nyavu. Billy Frank Jr. wa kabila la Nisqually alikamatwa zaidi ya mara hamsini. Tarehe 12 Februari 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba makabila yana haki ya hadi nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Mwaka huohuo makabila yaliunda tume yao ya uvuvi, ambayo leo ina magari yake ya kuwatia vifaranga waya.

Likaja sasa swali la asili. Kufikia wakati huo samoni wengi wa Washington walikuwa wametoka vituoni. Jimbo likadai kwamba samaki waliototoleshwa kwa fedha zake wasihesabiwe katika fungu la makabila. Mwaka 1980 Jaji William Orrick alilikataa dai hilo, na mahakama ya rufaa ikamuunga mkono katika jambo hilo mwaka 1985. Hoja yake naiona bora kuliko nyingi nilizozisoma katika kesi za maliasili: vituo vilijengwa ili kuziba pengo la samaki wa asili walioangamizwa na mabwawa, ukataji miti na miji. Anayemharibia mwenzake mto, kisha akamletea samaki wa tangi badala ya wale waliokufa, hawezi kumwambia samaki hawa ni wangu. Waya puani unaweza kutaja kituo na mwaka bila kosa hata moja, na bado usitaje kwa nini kituo kilihitajika. Mahakama ilisoma asili iliyo nyuma ya asili.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, kipezi cha mafuta kilibadilishiwa kazi. Awali kukatwa kwake kulimaanisha "humu ndani mna waya." Baadaye majimbo yakaanza kuwakata kipezi vifaranga wote wa vituo, wenye waya na wasio nao, ili mvuvi aweze kuwatofautisha kwa macho: aliyekatwa anaruhusiwa kuchukuliwa, mwenye kipezi kizima anarudishwa majini. Wakaguzi ikabidi wabebe vifimbo vya kuhisi sumaku, kwa sababu jicho halikutosha tena. Wavuvi wa Kanada waliokuwa wakileta vichwa kwa bidii walianza kuleta vingi visivyo na kitu ndani.

Shida ya maabara ni ndogo ukilinganisha na mabadiliko ya maana. Alama iliyokuwa swali imekuwa hukumu. Katika kisa cha Watlingit shaba ilikizuia kisu. Kwenye mashua za leo kipezi kilichokatwa ndicho kinachokiita. Natambua faida yake, kwa kuwa samoni wa mwituni ambao ni wachache wanaachiwa waende wakatage. Lakini mtoto anayekulia kwenye mashua hiyo anafundishwa kwamba kuna samaki mwenye kwao, wa kuheshimiwa, na samaki asiye na kwao, wa kuua. Simulizi zile za pwani hazina daraja hilo la pili.

Japani ilikuwa na njia yake, na ilianza mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika karne ya 18, samurai wa ngazi ya chini aitwaye Aoto Buheiji, wa himaya ndogo ya Murakami kwenye pwani ya magharibi, aliamini kwamba samoni hurudi kutaga kwenye mto walikozaliwa. Samaki walikuwa wamepungua katika mto Miomote. Alichochora kikajengwa kwa miongo kadhaa: mkono wa mto uliotengwa kwa uzio, ambamo samoni waliopanda waliachwa wakatage kwa amani na vifaranga kushuka. Uliitwa mto wa mbegu. Hapakuwa na utepe wala kibati. Mto wenyewe ndio uliokuwa alama, na ushahidi ulikuwa mavuno. Baada ya utawala wa masamurai kuanguka, mapato ya samoni wa Murakami yalisomesha vijana wa mji huo, na waliosomeshwa hivyo waliitwa watoto wa samoni. Hapo deni lilielekea upande ambao sijauona kwingine: binadamu walijihesabu kuwa wazao wa samaki.

Hokkaido, kaskazini zaidi, historia hiyohiyo ya uzalishaji ina uso mwingine. Kituo kikuu cha Chitose kilianzishwa mwaka 1888, baada ya Itō Kazutaka kwenda Marekani na kujifunza huko. Waainu, wenyeji wa kisiwa hicho, walikuwa wakimwita samoni samaki wa miungu. Walimmaliza kwa rungu la mti wa mwerebi lililochongwa kwa kazi hiyo tu, wakimpiga kichwani, na walisadiki kwamba huondoka na rungu hilo kama zawadi na kulifikisha kwa mungu aliyemtuma. Aliyepigwa kwa jiwe au kwa gogo lililooza hurudi kwao akilia, na mwaka unaofuata hawaji. Serikali ya Meiji, iliyochukua nafasi ya masamurai, iliwapiga marufuku kuvua mitoni kwa jina la kulinda uzao wa samoni. Ibada yao ya samoni mpya ilinyamaza kwa miaka mingi, ikafufuliwa Sapporo mwaka 1982. Mwaka 2020 kundi la Waainu wa Raporo, Urahoro, lilikwenda mahakamani kudai haki ya kuvua samoni katika mto wao. Aprili 2024 mahakama ya wilaya ya Sapporo ikawakatalia.

Sheria ya Japani ya mwaka 1951 inakataza kwa jumla kuvua samoni kwenye maji ya bara, kwa sababu wanaopanda hukingwa karibu na mlango wa mto na kukamuliwa mayai kwa ajili ya vituo. Mvuvi wa mshipi anayetaka kumvua mtoni huruhusiwa katika mito michache tu, kwa kibali cha uchunguzi: anajiandikisha, analipa, anavua, anatoa taarifa ya alichopata. Kisheria si mwanamichezo, ni msaidizi wa utafiti. Ukilinganisha na Kanada mpangilio umegeuzwa. Kule mtu huvua kwanza kisha huombwa kusaidia elimu. Hapa elimu ndiyo mlango wa kuvulia. Mwenye mshipi kutoka Tokyo anaweza kuupata mlango huo. Mzee wa Kiainu anayedai haki ya kuvua kwa sababu babu zake walivua hapo anaambiwa asili yake si sababu ya kutosha. Hilo linanichoma. Vituo vya Japani huwatia samoni wao alama kwenye vijiwe vya masikio kwa kubadilisha joto la maji mayai yanapokua, na pete zinazobaki kwenye vijiwe hivyo husomwa miaka baadaye; asili ya samaki inafuatiliwa tangu yai, na asili ya mvuvi inawekwa kando.

Kuna mahali ambapo hakuna simulizi ya kale ya samoni wa Pasifiki hata moja. Ni Ziwa Michigan. Samoni wa huko waliletwa: wa aina ya koho mwaka 1966, kutokana na mayai ya Oregon, na Chinook mwaka uliofuata, kazi iliyosimamiwa na Howard Tanner na Wayne Tody wa jimbo la Michigan. Walitaka samaki wa kuwala dagaa wageni waitwao alewife, waliokuwa wamejaa ziwani na kuoza fukweni, na walitaka kuwapa watu mchezo wa uvuvi. Walifanikiwa kupita kiasi. Kila jimbo linalopakana na ziwa lilimwaga vifaranga, na kila jimbo likaamini wavuvi wake wanavua samaki wake.

Kuanzia mwaka 2011 samoni wote wa Chinook waliopandikizwa ziwani humo walikatwa kipezi na kutiwa waya kwa mashine, na wavuvi wakaombwa vichwa. Majibu yalikuwa ya aina mbili. La kwanza, samaki hawajali mipaka: Chinook waliofunguliwa upande wa Michigan wa Ziwa Huron, ambako alewife walikuwa wameporomoka miaka ya 2003 na 2004, walikuwa wakivuliwa kwa wingi Ziwa Michigan, walikofuata chakula. La pili lilitoka kwa samaki wasio na alama yoyote. Kwa kuwa kila wa kituo alikuwa amekatwa, mwenye kipezi kizima alikuwa amezaliwa mtoni. Na hao waligeuka kuwa zaidi ya nusu. Ziwa lililodhaniwa kuishi kwa matangi lilikuwa likijizalia lenyewe. Upandikizaji wa Chinook ulipunguzwa karibu nusu mwaka 2013, dagaa wasije wakaisha.

Mvuvi wa Michigan anayeacha anwani yake pamoja na kichwa hutumiwa maelezo ya samaki wake: alifunguliwa wapi, lini, akiwa na umri gani. Naipenda desturi hii kuliko zawadi ya fedha waliyokuwa wakipewa wavuvi waliorudisha vibati vya samoni wa Sweden. Mtu aliyetoa kitu anapata habari za aliyemla. Katika nchi isiyo na ibada ya samoni wa kwanza, barua hiyo ni mwanzo mwema wa adabu.

Sasa inakuja njia ambayo huenda ikayamaliza majokofu yote. Katika bonde la mto Snake, Idaho, tangu 2008, kila samoni dume na jike anayekamuliwa kituoni hukatwa kipande kidogo cha pezi, na vinasaba vyake huandikwa. Watoto wao wote wanakuwa wametiwa alama papo hapo, bila sindano, maana kila mmoja ameubeba mwili wa wazazi. Akivuliwa miaka mitatu baadaye, kipande cha pezi lake kinatosha kumtaja mama na baba. Kwetu mgeni akibisha hodi huulizwa ni mtoto wa nani kabla ya kuulizwa anaishi wapi, na sayansi ya samoni, baada ya zaidi ya miaka arobaini ya kuuliza kituo, hatimaye imelifikia swali hilo la kwanza. Mvuvi haombwi tena kichwa. Anaombwa kitu kisichozidi ukucha.

Lakini daftari la wazazi lina waliopita kituoni peke yao. Samaki ambaye vinasaba vyake havipati jibu alizaliwa na waliotaga wenyewe kwenye changarawe, kwenye kijito ambacho hakina mkasi wala karani. Hana wa kumdai kwa kuwa hakuna aliyemlipia. Anachohitaji ni njia ya kupanda, na katika Washington njia hizo zilikuwa zimezibwa mamia kwa mamia na makaravati yaliyojengwa chini ya barabara za jimbo, membamba na ya juu kiasi kwamba samoni hawezi kupita. Makabila yalipeleka hilo nalo mahakamani, yakisema haki ya kuvua haina maana kama samaki hawezi kufika anakozaliwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iligawanyika nne kwa nne, na kwa hiyo amri ya mahakama ya chini ikabaki: jimbo liyang'oe makaravati hayo na kujenga mahali pake madaraja au njia pana ambazo samoni anaweza kupita. Kazi hiyo inaendelea, kijito kimoja baada ya kingine, kwa mabilioni ya dola.